Kivuli cha mhusika wa gemu kinaonekana kimebandikwa: nikitengeneze vipi kikae ardhini?

Mchoraji wa Kibirizi (Kigoma)

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninachora mandhari na wahusika wa mchezo mdogo wa simu ambao mwenzangu anauandikia programu. Sehemu yake ya kwanza inatokea kwenye mwalo wa Kibirizi, yapata saa kumi na moja jioni, wakati dagaa waliokauka wanakusanywa na wachuuzi wanaanza kufunga mizigo. Mhusika mkuu ni mama mwenye beseni la dagaa kichwani. Nimemchora kwa GIMP, programu ya kuchora na kuhariri picha, ana kimo cha pikseli 200 bila kuhesabu beseni, na anatazamwa kutoka juu kidogo, kiasi kwamba duara lililochorwa ardhini huonekana limebanwa hadi urefu wake ukawa nusu ya upana wake. Ziwa liko juu ya skrini, mchanga uko katikati, na njia ya kwenda mjini iko chini.

Tatizo langu ni vivuli. Nimetumia kichujio cha kivuli kilichomo ndani ya programu, kile kinachotoa nakala nyeusi ya umbo na kuisogeza kulia na chini, kisha nikaongeza ukungu hadi kingo zikawa laini sana. Hata hivyo mama anaonekana kama picha iliyokatwa gazetini na kushikiliwa juu ya meza: miguu yake haikanyagi mchanga. Upande wa mwili ni vibaya zaidi, kwa sababu kila ninapopaka kijivu kwa modi ya Multiply, ile inayozidisha rangi ya juu kwa ya chini na kutia giza, ili kutoa kivuli usoni na mikononi, ngozi inapauka na kupoteza uhai wake wote.

Naomba kufahamu jinsi ya kupata kivuli cha ardhini kinachoaminika, rangi gani nitumie kwenye ngozi nyeusi, na kama kivuli kinapaswa kuwa ndani ya faili moja na mhusika, maana hapo ndipo mimi na mwenzangu tunapobishana. Pia kuna chanja za wavu za kuanikia dagaa nyuma yake, na sijui kivuli chake kiweje. Natanguliza shukrani.

Fundi Picha (Tabora)

Ndugu Mchoraji, salamu kutoka Tabora. Nitajibu la kivuli cha ardhini, na la mwili nawaachia wenye jicho la rangi kuliko mimi.

Ukungu na weusi unaweza kuviweka kando kwanza, kwa sababu kinachokusumbua ni mahali jua lilipo. Kichujio ulichotumia kimeundwa kwa dhana kwamba mwanga unatoka juu kushoto na kwamba kitu kimening'inia mbele ya ukuta ulio sambamba nacho. Hilo linafaa kwa herufi za bango na vitufe vya menyu, lakini mtu aliyesimama juu ya ardhi hana ukuta nyuma yake. Wewe mwenyewe umesema ziwa liko juu ya skrini na muda ni jioni. Ukiwa Kibirizi, jua la jioni huzama upande wa ziwa, nyuma ya milima ya Kongo. Kwa hiyo katika mchoro wako jua liko nyuma ya mama huyo, na kivuli chake hakina budi kuja chini ya skrini, kuelekea kwa mtazamaji. Mchezaji wa Kigoma ataliona kosa hilo hata kama hawezi kulieleza.

Urefu wa kivuli nao unaweza kuukokotoa. Kigoma iko kwenye longitudo ya takriban nyuzi 29.6 mashariki, ilhali saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, ndiyo maana jua la kwenu hufika kileleni karibu saa saba mchana badala ya saa sita. Katika miezi ya Machi na Septemba jua hushuka takriban nyuzi 15 kwa kila saa inayopita. Saa kumi jioni linakuwa nyuzi 45 juu ya upeo na kivuli kinalingana na kimo cha mtu. Saa kumi na moja linakuwa nyuzi 30 na kivuli kinafika mara 1.7 ya kimo; saa kumi na mbili zimebaki nyuzi 15 na kivuli kinakaribia mara 3.7. Kwa kuwa kamera yako inaibana ardhi kwa nusu, kivuli cha saa kumi na moja kinachokuja mbele kitakuwa na urefu unaokaribia kimo cha mama kwenye skrini, yaani kama pikseli 200, na cha beseni kitaendelea mbele ya hapo.

Utekelezaji wake ni huu. Geuza alfa (taarifa ya wapi pamechorwa na wapi pako wazi) ya leya, yaani tabaka la mchoro, ya mama kuwa uteuzi, fungua leya mpya chini yake, jaza rangi ya kivuli, kisha ipindue juu chini, egemeo likiwa kwenye nyayo na si katikati ya umbo. Ikiwa jua halipo nyuma yake moja kwa moja, ilaze leya hiyo kidogo kulia au kushoto kwa zana ya kupinda, ukihakikisha nyayo hazisogei hata pikseli moja. Mama akiwa katikati ya hatua, mguu mmoja huwa mbele na mwingine nyuma, na kila mguu unagusa ardhi mahali pake. Ukipindua umbo zima kwa egemeo moja, mguu wa nyuma utaachana na kivuli chake. Kata kivuli cha kila mguu, kianzie kwenye unyayo wake, kisha uunganishe vyote kiunoni, ambako hakuna atakayeuona mshono.

Baada ya hapo ongeza leya nyingine ndogo ambayo watu wengi huisahau, nayo ni ya giza la mguso. Ni mstari mwembamba, mweusi kuliko kivuli kingine chote, uliopakwa kwa brashi ndogo mahali unyayo unapobana mchanga. Mama akiwa amevaa kandambili na kisigino chake kikiinuka, mstari huo unabaki chini ya vidole peke yake, na nyuma yake unaacha upenyo wa mchanga wenye mwanga. Huo mstari wa pikseli mbili tatu ndio unaomshusha mtu ardhini. Kama ningelazimishwa kuchagua kimoja kati ya kivuli kirefu na giza la mguso, ningechagua giza la mguso bila kusita.

Kuhusu ukungu, umezidisha mno. Jua si nukta; upana wake angani ni takriban nusu nyuzi, kwa hiyo ukingo wa kivuli hupanuka kwa takriban sentimita 1 kwa kila mita 1 kati ya kitu na mahali kivuli kinapoangukia. Mama wa mita 1.6 chini ya jua la nyuzi 30 ana umbali wa mita 3.2 kutoka kichwani hadi kwenye kivuli cha kichwa chake, yaani ukingo laini wa kama sentimita 3. Kwa kipimo chako hizo ni pikseli 4 tu. Miguuni ni sifuri. Ukungu wa pikseli 15 umbo zima hauwakilishi jua la jioni. Unawakilisha siku ya mawingu, na siku ya mawingu kivuli kirefu hakipo kabisa. Tengeneza nakala mbili za kivuli, moja kali na moja yenye ukungu mdogo, kisha tumia maski yenye gradienti, yaani kifuniko kinachofifia taratibu, ili ukali ubaki miguuni na ulaini uongezeke kuelekea kichwani.

Hesabu hiyohiyo inajibu swali lako la chanja. Nguzo na fito za chanja ni nene, kwa hiyo zitatoa vivuli vinavyoonekana wazi. Wavu wenye uzi wa milimita 1 ulioinuliwa mita 1 hauwezi kutoa kivuli cha uzi mmoja mmoja, kwa kuwa ukingo laini ni mpana kuliko uzi wenyewe. Vivuli vya nyuzi zote huchanganyika na kuwa giza moja jepesi. Usihangaike kuchora vitundu. Jaza umbo la chanja kwa kivuli hafifu, halafu kiongezee uzito pale tu dagaa walipolala kwa wingi.

Mpenzi wa Gemu (Tabora)

Nawaheshimu wakuu, lakini naona mnamtwisha ndugu yetu mzigo usio wa lazima. Mchezo ni wa simu, mhusika anatembea, na skrini yenyewe ni ya kiganjani. Duara moja jeusi lililobanwa chini ya miguu limetosha katika michezo mingi sana na wachezaji hawajalalamika. Saa ya longitudo itamsaidia nini mtu anayekimbizana na wezi wa dagaa?

Fundi Picha (Tabora)

Duara linafaa, na kwa wahusika wadogo wa pembeni ningelitumia mimi mwenyewe. Linafaa kwa sababu linachukua nafasi ya giza la mguso. Lakini duara husema kwamba jua liko utosini, na Kigoma jua huwa utosini kabisa nyakati mbili tu kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, tena karibu saa saba mchana. Mandhari yake ina ziwa la rangi ya machweo. Duara chini ya anga la machungwa litagombana na kila kitu kingine alichochora. Angechagua mandhari ya mchana, tusingekuwa na mjadala huu.

Mwalimu wa Sanaa (Ujiji)

Kijana wangu Mchoraji, nimefurahi kuona mtu anauchora mwalo wetu. Ninakujibu la ngozi.

Mafunzo mengi yaliyoko mtandaoni yameandaliwa kwa ngozi nyeupe, ambako kivuli ndicho kinachobeba umbo la uso. Kwenye ngozi nyeusi mambo hugeuka. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mdogo wa rangi yake, lakini mng'aro wa juu yake, ule unaokaa kwenye paji la uso, mfupa wa shavu, pua na bega, hauna nguvu pungufu kuliko wa ngozi nyeupe. Tofauti kati ya rangi ya ngozi na mng'aro wake ni kubwa kuliko tofauti kati ya ngozi na kivuli chake, kwa hiyo umbo hujengwa kwa mng'aro kwanza na kivuli baadaye. Ukianza kwa kutia giza sura ambayo tayari ni nyeusi, unabaki bila nafasi ya kushuka, na hapo ndipo unapoongeza kijivu hadi inapauka.

Kijivu chenyewe ndicho kilichoiua rangi. Kwa ngozi ya kahawia iliyokolea, chukua rangi ileile, shusha mwanga wake, usipunguze ukolevu, na isogeze kidogo kuelekea wekundu wa zambarau. Utaona uso unatulia mara moja. Katika GIMP funga alfa ya leya ya ngozi ili brashi isivuke mipaka. Anayetumia Krita, programu nyingine ya kuchora, awashe urithi wa alfa kwenye leya ya juu, atapata jambo lilelile. Mahali ngozi ni nyembamba, kama pembeni mwa sikio lililopigwa na jua kwa nyuma, acha wekundu ujitokeze wazi, kwani mwanga hupenya pale.

Sasa rudi kwenye jambo alilosema ndugu yetu wa Tabora kuhusu jua kuwa nyuma ya mama. Ikiwa ni hivyo, upande wake tunaouona ndio ulio kivulini karibu wote. Uso, kifua, khanga mbele, vyote havipati jua la moja kwa moja. Havitakuwa vyeusi, kwa sababu vinapata mwanga wa anga la mashariki ambalo bado ni la buluu, na vinapata mwanga unaorudi kutoka kwenye mchanga wenye joto la rangi. Chini ya kidevu, ambako wengi hupaka giza bila kufikiri, kutakuwa na wekundu mdogo uliotoka ardhini. Sehemu ya juu ya mabega itaegemea ubuluu. Jua lenyewe litaonekana kama mstari mwembamba wa dhahabu unaozunguka kingo zake: mkono ulioshika beseni, upande wa shingo, ncha za khanga, na zaidi ya vyote ukingo wa beseni lenyewe, ambalo kama ni la bati litametameta kuliko kitu kingine chochote kwenye picha. Usiusambaze mstari huo kwa unene mmoja. Unene wake uongezeke mahali umbo linapogeukia jua, upotee kabisa mahali mkono unapozuiwa na beseni.

Kivuli cha ardhini nacho kisiwe cheusi kitupu. Mahali ambapo jua limezuiwa bado kuna mwanga wa anga, kwa hiyo mchanga ulio kivulini huegemea ubuluu ukilinganishwa na ule wa jirani wenye jua. Kwenye udongo mwekundu wa vilima vya kwenu, rangi hizo mbili zikichanganyika hutoa kahawia yenye zambarau. Nenda nje saa hiyo ukatazame kivuli cha mwili wako mwenyewe kwenye mchanga kabla ya kuchagua rangi kwenye kioo.

Mtengeneza Michezo (Tabora)

Kuhusu faili moja au mbili, nasimama upande wa faili mbili, na sababu zake ni za kiufundi.

Mhusika akiruka, mwili unapanda lakini kivuli kinabaki ardhini. Vikiwa picha moja, kivuli kitapaa naye. Vilevile watengenezaji wengi huchora mhusika akielekea kulia, kisha injini (programu inayoendesha mchezo) humgeuza kama kioo anapoelekea kushoto. Kivuli kilichoshikamana naye kitageuka pia, na mchezaji ataona jua likiruka kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine kila mama anapobadili mwelekeo. Kwa bahati jua lako liko nyuma yake karibu moja kwa moja, hivyo tatizo hilo litakuwa dogo kwenye mwalo. Lakini ukifika kwenye mandhari ambayo jua linatoka pembeni mwa skrini, litakuumbua. Katika mandhari ya namna hiyo kumbuka pia kwamba kivuli ni umbo linaloonekana kutoka kwenye jua, wala si lile tunaloliona sisi. Mama anayetutazama uso kwa uso huku jua likiwa kulia kwake atatoa kivuli cha mtu aliyegeuka upande. Huna haja ya kuchora upya: chukua picha yake ya kutembea upande, ijaze rangi ya kivuli, uilaze chini.

Halafu kuna suala la modi ya Multiply. Faili ya PNG huhifadhi rangi na alfa peke yake. Haihifadhi modi ya leya. Kivuli ulichokiona kizuri ndani ya GIMP kwa modi hiyo, kikishafika ndani ya injini kitachorwa kwa modi ya kawaida, isipokuwa umwambie mwenzako akiwekee modi ya kuzidisha hukohuko. Kwa nyeusi tupu hakuna tofauti: nyeusi ya opasiti (kiwango cha kuziba kilicho chini) ya asilimia 50 katika modi ya kawaida hutoa matokeo yaleyale ya Multiply. Kwa rangi yenye ubuluu au zambarau kama anavyoelekeza Mwalimu, tofauti ipo, na kwenye mchanga mweupe utaiona kama utando uliotandazwa juu. Ama chagua rangi iliyo nyeusi sana yenye chembe ya ubuluu tu, ama tumieni modi ya kuzidisha ndani ya injini.

Uzito wa opasiti wenyewe, anza na asilimia 50 hadi 60. Kwenye jua kali, sehemu iliyo kivulini mara nyingi hubaki na kama moja ya tano hadi moja ya kumi ya mwanga wa jirani yake. Thamani za pikseli hazipandi sambamba na mwanga, kwa hiyo moja ya tano ya mwanga huwa karibu nusu ya thamani kwenye skrini. Anayeweka asilimia 80 anachora mwezini.

Jambo la mwisho kwa leo ni vivuli vinavyopandana. Mama akipita karibu na mchuuzi mwingine, vivuli viwili vya asilimia 40 vikipandana vitatoa giza la asilimia 64 mahali vinapokutana, na utaona kiraka cheusi kikitembea. Jua ni moja. Likishazuiwa, halizuiliki mara ya pili. Vikusanyeni vivuli vyote kwenye kundi moja, kila kimoja kikiwa na opasiti kamili, kisha opasiti ipunguzwe kwenye kundi zima. Kwa wanaotumia injini ya Godot 4 kuna nodi (kijenzi cha mchezo) ya CanvasGroup inayofanya kazi hiyo, na nodi za pande mbili zina sifa ya kupinda ambayo itamwezesha mwenzako kukilaza kivuli kwa hesabu badala ya wewe kukichora upya kwa kila fremu.

Mchoraji wa Kibirizi (Kigoma)

Mwalimu, shikamoo, na wengine wote nawashukuru sana. Nimekiondoa kile kichujio, nimekipindua kivuli kije mbele, na nimeweka giza la mguso chini ya kandambili. Mama sasa amekanyaga. Ngozi nimeirudia kwa rangi aliyoelekeza Mwalimu na mng'aro wa ukingoni mwa beseni umeleta jioni yenyewe. Mwenzangu amekubali faili mbili, ingawa amelalamika kuhusu ukubwa wa mchezo.

Limebaki jambo moja. Kivuli kinakatika ghafla kichwani, kama kimekatwa kwa mkasi. Na sehemu ya pili ya mchezo inatokea usiku ziwani, wavuvi wakiwa na taa za kuvutia dagaa. Je, kanuni ya vivuli inabaki ileile?

Mtengeneza Michezo (Tabora)

Kukatika ni kwa sababu ya kanvasi, yaani eneo la kuchorea. Fremu yako ina nafasi ya mwili tu, na ukungu ukifika ukingoni hauna pa kwenda. Panua kanvasi ya kivuli kabla ya kuweka ukungu, ukiacha nafasi tupu ya angalau mara tatu ya kipimo cha ukungu kila upande, kisha acha pikseli mbili tatu kati ya fremu moja na nyingine ili zisivujiane injini inapozipunguza. Kuhusu ukubwa, mwambie mwenzako kwamba kivuli kinaweza kuhifadhiwa kwa nusu ya vipimo vya mhusika na kukuzwa ndani ya mchezo. Kina rangi moja na kingo laini, kwa hiyo hakuna atakayebaini, isipokuwa giza la mguso ambalo liwe picha yake ndogo yenye vipimo kamili.

Mwalimu wa Sanaa (Ujiji)

Marahaba, kijana wangu. Usiku kanuni haibaki ileile.

Jua liko mbali kiasi kwamba vivuli vyote vya mwalo mzima hulala sambamba. Taa iko karibu, kwa hiyo kila kivuli huikimbia taa kwa upande wake: mvuvi aliye kulia kwake kivuli kinakwenda kulia, aliye kushoto kinakwenda kushoto, na vyote hupanuka kadiri vinavyoondoka. Mwanga nao hupungua haraka. Ukienda mbali mara mbili unabaki robo. Hivyo mkono ulio karibu na taa utang'aa sana huku mgongo wa mtu yuleyule ukizama gizani, na ile tofauti ya taratibu uliyoizoea kwenye jua usiitafute.

Ukiwa na taa mbili, kila mtu ana vivuli viwili, na hapa giza huongezeka kweli vinapopandana, kwa sababu kila kivuli kimezuia taa yake. Kwa hiyo lile kundi moja alilolieleza ndugu Mtengeneza Michezo liwe kwa kila taa peke yake. Maji nayo hayapokei kivuli kama mchanga. Juu ya maji yaliyotulia utaona zaidi taswira ya taa na ya mtumbwi iliyopinduliwa kuliko kivuli cha mtu. Kivuli chenyewe kichore ndani ya mtumbwi, kwenye mbao, juu ya nyavu zilizokunjwa na kwenye miguu ya mvuvi mwenzake. Na kwa kuwa taa inaning'inia juu ya maji na kumulika chini, nyuso za wavuvi zitapata mwanga kutoka chini pia, kiasi cha kumulika ndani ya ukingo wa kofia. Anza na mvuvi mmoja na taa moja, uikamilishe, ndipo uwashe ya pili.